Kupunguza Matumizi Pasipo Kupunguza Mapendo

Mafundisho kwa wakatekumeni. Someni kwanza katika Maandiko Matakatifu: 1 Wafalme 17, 7-16; Yoane 6, 1-13.



Siku hizi, tukikutana njiani au kisimani, salamu hazijaisha, tayari twaanza kusema habari za bei. Mama atoka sokoni na kifuko cha chumvi kilicho kidogo kuliko cha mwezi uliopita, na feza aliyoitoa ni nyingi zaidi. Baba ahesabu franka zake mara mbili kabla ya kununua betri za tochi. Mtoto aambiwa kwamba leo chai haina sukari. Kila nyumba hupunguza kitu, hata ile isiyopenda kusema.

Kupunguza si dhambi. Mara nyingi ni akili, na akili ni zawadi ya Mungu. Lakini ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo mnapaswa kujiuliza neno hili: Nyumba yangu inapopunguza, yapunguza nini kwanza, na ya nani? Kwa maana njia za kupunguza ni mbili. Njia ya kwanza hupunguza vitu, na mapendo yabaki mazima. Njia ya pili hupunguza mapendo, na vitu vya wakubwa vyabaki vizima. Kwa macho zafanana, kwa kuwa katika zote mbili chungu ni kidogo. Mbele ya Mungu hazifanani hata kidogo.

I. SABABU ZA BEI KUPANDA

Watu wengine wakipata taabu hutafuta mchawi. Sisi tutafute sababu.

Chumvi, sabuni, madaftari, dawa na mafuta ya gari hutoka mbali. Wachuuzi wakubwa huvinunua kwa dola, huvipitisha katika njia mbovu, hulipa penye vizuizi vingi. Gari likikwama siku tatu katika matope, siku hizo tatu nazo zaingia katika bei. Tena franka yetu ikipungukiwa nguvu mbele ya dola, kila kitu kilichotoka mbali chapanda. Mwanzoni mwa mwaka 2022 dola moja ilikuwa karibu franka 2,000. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilikuwa imepita 2,800. Mwaka huohuo wa 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei za ngano na za mafuta ya gari katika nchi nyingi za dunia. Na mwaka 2025, vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari, na Bukavu mwezi wa Februari, mabenki ya mijini yalifungwa, hata feza yenyewe ikawa shida kuipata.

Wazee wetu waliona makubwa kuliko hayo. Waulizeni juu ya mwaka 1994, wakati nchi yetu ilipoitwa Zaire: katika mwaka mmoja tu bei zilipanda zaidi ya mara tisini. Na franka kongo ilipoletwa mwaka 1998, franka moja ilichukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Mtu aliyeweka feza yake chini ya mkeka aliamka maskini. Aliyekuwa na shamba, na mbegu, na majirani wema, huyo alivuka.

Basi taabu hii ina sababu zake, na nyingi kati ya hizo haziko katika kijiji chetu. Hatuwezi kutengeneza barabara yote wala kuipa franka nguvu. Lakini kilicho ndani ya nyumba yetu, hicho kiko mikononi mwetu, na juu ya hicho Mungu atatuuliza.

II. KUPUNGUZA KWEMA

Mwayajua maajabu ya mikate. Watu waume karibu 5,000 walishiba kwa mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Kisha Bwana wetu aliwaamuru wanafunzi wake waokote vipande vilivyosalia, kisipotee hata kimoja, nao wakajaza vikapu 12. Fikirini jambo hili. Yeye aliyeweza kuumba mikate mingine kesho yake hakukubali makombo yaachwe majanini. Kwa hiyo mama anayefunika chungu vema ili chakula kisimwagike hafanyi kazi ndogo. Afanya kama wale wanafunzi walioinama kuokota.

Njia za kupunguza kwa akili ni nyingi, nanyi mama mwazijua kuliko padri. Maharagwe yaliyolowekwa tangu jioni huiva upesi, kuni zikabaki. Kuni zilizokaushwa na kupasuliwa vizuri huwaka bila moshi mwingi, na jiko lililozungushiwa udongo hula kuni chache kuliko mafiga matatu yaliyo wazi kwa upepo. Lengalenga na sombe zilizopandwa karibu na jikoni, palipo na maji ya kuoshea vyombo, huondoa safari ya sokoni. Wako bado mabibi wanaojua kutengeneza sabuni kwa mafuta ya mawese na majivu ya maganda ya ndizi. Wasichana wawaendee, wajifunze, ufundi huo usizikwe nao. Nguo iliyopasuka ishonwe leo, pasuko likiwa kidogo, kuliko kungoja kesho.

Tena kuna mbegu. Yosefu, mwana wa Yakobo, alipokuwa msimamizi katika nchi ya Misri, aliweka akiba sehemu moja ya tano ya mavuno katika ile miaka saba ya shibe. Na miaka saba ya njaa ilipokuja, Misri ilikuwa na chakula. Nyumba ivunapo maharagwe, itenge kwanza mbegu ya msimu ujao, iihifadhi mahali pakavu penye majivu, mbali na panya. Mwenye kula mbegu yake amekula pia chakula cha mwaka ujao. Na anayemwona jirani yake akikaribia kula mbegu kwa ajili ya njaa, asimcheke. Ampe chakula, ili mbegu ile iokoke.

Mambo hayo yote ni kupunguza kwema. Hayamdhulumu mtu. Nyumba nzima hupata, wala hakuna anayelia usiku kwa ajili yake.

III. KUPUNGUZA KUBAYA

Sasa natazama upande wa pili, nami nawaomba msikilize kwa moyo mtulivu.

Tuseme nyumba mbili zimepata taabu ile ile. Katika nyumba ya kwanza baba asema: «Vitu vimekuwa ghali, tangu leo nyama ni yangu, watoto watapata mchuzi.» Lakini jioni aenda kunywa kasiksi na wenzake, na siku ya soko apita penye lotoko. Katika nyumba ya pili baba asema: «Vitu vimekuwa ghali, tangu leo naacha pombe ya juma, feza yake inunue ndagala, na watoto wapewe kwanza.» Nyumba zote mbili zimepunguza. Katika ya kwanza kisu kilianza kwa mdogo; katika ya pili kilianza kwa mkubwa. Ni katika nyumba gani Yesu angeketi kula?

Wababa, jueni jambo hili: kichwa cha nyumba hutangulia katika kazi, hutangulia pia katika kukosa. Mama naye asifanye desturi ya kula mwisho, akikomba chungu kitupu, hasa akiwa na mimba au akinyonyesha, kwa kuwa anayekula ndani yake ni wawili.

Liko jambo jingine, na wengi hulifanya pasipo kujua hatari yake. Njaa ikibana, watu hupunguza siku za kuloweka muhogo. Muhogo mchungu una sumu. Ukikaa majini siku tatu au zaidi, kisha ukaanikwa vema juani, sumu hutoka. Ukitolewa baada ya siku moja ili uuzwe upesi au uliwe upesi, sumu yabaki katika unga. Mtu anayekula unga wa namna hiyo siku kwa siku, pasipo maharagwe wala samaki, aweza kushikwa na ugonjwa uitwao konzo: miguu hukakamaa ghafula, wala hairudii hali yake ya kwanza. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938, alipouona huko Kwango; na katika Kivu Kusini pia umeonekana. Huwashika hasa watoto na wanawake. Basi punguzeni mnachoweza, lakini siku za kuloweka muhogo msizipunguze. Siku mbili ulizookoa zaweza kumgharimu mtoto miguu yake.

Tena nyumba nyingine hupunguza shule, na anayetolewa kwanza ni msichana. Tangu mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba masomo ya shule za msingi za umma ni bure. Najua ya kuwa daftari, kalamu na nguo za shule bado zataka feza. Lakini wazazi wakae na kuhesabu pamoja: je, daftari la binti ni ghali kuliko chupa za pombe za mwezi mmoja? Mungu hakumpa mvulana roho kubwa na msichana roho ndogo.

Wengine hupunguza kipimo. Mchuuzi agonga kitako cha kopo lake mpaka kiingie ndani, kisha auza unga kwa bei ile ile na kuapa kwamba kopo ni lile lile. Mwenye shamba amwita kijana kulima siku sita, kisha amlipa siku nne, akisema kwamba maisha ni magumu. Maisha ni magumu kwa kijana pia! Torati ya Musa yakataza mtu kuwa na vipimo viwili katika mfuko mmoja. Nabii Amosi aliwakemea waliopunguza kipimo na kuongeza bei. Na Mtume Yakobo aandika kwamba ujira waliodhulumiwa wavunaji walia, na kilio chao chafika masikioni mwa Bwana. Huko si kupunguza matumizi. Ni kuvunja amri ya saba.

Na sasa jambo lililo baya kuliko yote. Katika miji na vijiji vyetu imetukia kwamba nyumba iliyoshindwa kulisha watu wake ikapunguza watu wenyewe. Yatima aliyelelewa na mjomba, mtoto mwenye kifafa, bibi kizee asiyeweza tena kulima: ghafula yasemwa kwamba ni mchawi, naye ndiye aliyefukuza bahati. Afukuzwa, na nyumba yabaki na mdomo mmoja pungufu. Wapenzi wangu, tuseme ukweli mbele ya Mungu. Bahati haikufukuzwa na mtoto. Mmesikia juu sababu za bei: dola, barabara, vizuizi, vita. Je, mtoto wa miaka minane ndiye aliyeharibu barabara? Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 yamlinda mtoto na yakataza kumshitaki kwa uchawi. Na sheria ya Kristu yakaza zaidi, kwa kuwa Yeye alisema kwamba anayempokea mtoto kwa jina lake ampokea Yeye mwenyewe. Basi anayemfukuza, amfukuza nani?

Mkatekumeni aliyeshiriki katika jambo hilo asijifiche. Amtafute aliyefukuzwa, amrudishe, kisha aje kwa padri au kwa katekista. Mlango haujafungwa.

IV. KOFI MOJA YA UNGA

Labda mmoja wenu asema moyoni: «Maneno hayo yawafaa wenye kitu. Sisi twala mara moja kwa siku. Tupunguze nini tena?»

Umesema kweli. Nyumba inayokula mara moja kwa siku haina la kupunguza, wala Kanisa haliihubirii kupunguza. Umaskini si dhambi, na njaa si adhabu ya Mungu. Kwa nyumba hiyo neno la leo ni kwa majirani: Mwajua kwamba moshi hautoki pale, mbona mwakaa kimya?

Hata hivyo, sikilizeni habari za mjane wa Sarepta. Mvua ilikuwa imekatika katika nchi. Mama yule alikuwa na kofi moja ya unga na mafuta kidogo tu. Alikuwa akiokota vijiti viwili, apike chakula cha mwisho na mwanawe, kisha wangoje kufa. Hapo Nabii Elia, mgeni mwenye njaa, alimwomba mkate. Mama hakumficha chochote. Alimwambia hali yake yote. Kisha aligawa. Na unga haukuisha katika mtungi, wala mafuta hayakukoma, mpaka mvua iliponyesha.

Angalieni namna Mungu alivyomsaidia. Hakumjengea ghala. Hakumletea magunia mia. Kila asubuhi mama alipotia mkono mtungini alikuta unga wa siku ile. Watu watatu walikula mahali pa wawili, nao hawakufa.

Msisikie hapo kwamba anayetoa atatajirika. Anayewaahidi utajiri kwa sadaka yenu awadanganya. Ahadi ni nyingine: Mungu hawaachi wanaogawana, na mara nyingi mkono wake ni mkono wa jirani. Mtakatifu Basili alikuwa bado padri huko Kaisarea ya Kapadokia wakati njaa ilipoingia, karibu na mwaka 369. Aliwahubiria matajiri mpaka wakafungua ghala zao, akakusanya vyakula, akawahudumia wenye njaa kwa mikono yake. Muujiza wa unga ulifanyika tena, safari hii katika mioyo ya watu.

Sisi nasi tuna mitungi yetu. Maaskofu wa Kongo, katika mkutano wao wa mwaka 1961, walichagua njia ya jumuiya ndogo za Kikristu, ambazo kwetu twaziita mashirika. Shirika si mahali pa kuimba tu. Ni mahali pa kujua nani hakupika jana. Tena wengi wenu mko katika muso. Mwajua kwamba sanduku la kijani hukopesha, na sanduku jekundu husaidia aliyefiwa au mgonjwa. Bei zikipanda, wengine husema: «Tuendelee na la kijani, jekundu tuliache kwanza.» Hapana. Mkiona lazima kupunguza, punguzeni kiasi cha yote mawili, lakini jekundu lisifungwe. Litakalokusaidia siku ya mauti ndilo hilo.

Vivyo hivyo juu ya kufunga katika Kwaresima. Papa Mtakatifu Leo, aliyeliongoza Kanisa toka mwaka 440 hata 461, alifundisha kwamba kile anachojinyima mwenye kufunga kiwe chakula cha maskini. Ukiacha tumbako siku arobaini na kuiweka feza yake mfukoni mwako, umeweka akiba. Ukimpa feza ile asiye na chumvi, umefunga.

V. KARAMU YA UBATIZO

Namaliza kwa neno linalowahusu ninyi hasa. Pasaka ikikaribia, wakatekumeni wengine humjia katekista na kusema: «Nitangoje mwaka ujao.» Sababu ni nini? Mafundisho wayajua, mwenendo ni mwema. Lakini hawana feza ya viatu, ya picha, ya mbuzi, ya pombe ya wageni. Waogopa kuchekwa.

Wapenzi, hapo ndipo pa kupunguza! Kanisa halihitaji mbuzi kwa kumbatiza mtu. Lahitaji maji, na maneno ya Kristu, na imani yako. Vazi jeupe laweza kuwa kitambaa cheupe kilichofuliwa vema, hata cha kuazima. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 848, yaagiza kwamba maskini wasikose kamwe Sakramenti kwa ajili ya umaskini wao. Ondoeni viatu, ondoeni picha, ondoeni mbuzi, Ubatizo msiuondoe. Siku ile wana wapya wa Mungu wakila pamoja ugali na sombe chini ya mwembe, kila mtu akileta kidogo alicho nacho, hakuna mbinguni atakayecheka.

Na ninyi mliokwisha kubatizwa, msiwe wa kwanza kuuliza: «Karamu iko wapi?» Neno hilo moja limemfungia mtu mlango wa kanisa mwaka mzima.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Katika nyumba yangu, tulipoanza kupunguza, kilipunguzwa nini kwanza? Kilikuwa cha nani?
2. Nani hula mwisho kwetu, naye hupata nini?
3. Je, muhogo wetu walowekwa siku za kutosha?
4. Je, kopo langu la kupimia ni zima? Niko na deni la ujira wa mtu?
5. Yuko mtoto au mzee ambaye nyumba yetu ilimsukuma nje?
6. Katika shirika letu, ni nyumba gani isiyotoa moshi?

AZIMIO LA JUMA HILI

Kabla ya Dominika ijayo, kila mkatekumeni aache kitu kimoja kilicho chake mwenyewe, si cha mtoto wala cha mkewe. Bei yake, hata ikiwa ya kijiko cha chumvi, aipeleke katika nyumba yenye shida kuliko yake, pasipo kumwambia mtu.

SALA

Ee Bwana Yesu, uliyekula mkate wa maskini kule Nazareti, tazama vyungu vyetu vidogo. Utupe akili ya kutunza na moyo wa kugawa. Mkono wetu ukipaswa kupunguza, uanze kwetu sisi wenyewe. Uwalinde watoto wetu, wazee wetu na wajane wetu, asipungue hata mmoja katika nyumba zetu. Utufikishe sote kwenye maji ya Ubatizo na kwenye meza yako isiyo na bei. Amina.